Ukijani wa Maji: Kutoka Tangi la Kioo hadi Ghuba za Bukoba na Muleba

Maji yanapogeuka kijani, iwe ni ndani ya tangi la kioo lililojazwa maji ya chumvi wiki chache zilizopita, iwe ni katika bwawa la sato lililochimbwa bondeni Muleba, au katika ghuba ya Ziwa Victoria ambako upepo umekusanya utando mzito wenye harufu mbaya, kinachoonekana ni matokeo ya hesabu moja: virutubisho vilivyomo majini vimewazidi walaji waliopo, na kiumbe anayekua upesi kuliko wengine amewahi kuvichukua. Hukumu inayotolewa juu ya ukijani huo, hata hivyo, hutofautiana sana, kwa kuwa mwenye tangi huuona ni uchafu, mwenye bwawa huuona ni malisho, na mkazi wa mwaloni aliyezoea kuuona kila msimu wa joto huuchukulia kuwa jambo litakalopita lenyewe. Kila mmoja wao ana sehemu ya haki, lakini anayeshughulika na rangi bila kuuliza imelishwa na nini hupoteza nguvu zake bure, na katika ziwa kosa hilo hugharimu zaidi kuliko mahali pengine popote.

Mwani unaozungumziwa hapa si ule unaolimwa Zanzibar kwa kamba na vigingi, bali ni viumbe vidogo vinavyoelea majini au kugandama kwenye mawe, vingi vyake visivyoonekana kwa macho bila hadubini, ambavyo hutumia mwanga wa jua kujitengenezea chakula. Makundi matatu yanatosha kwa mjadala huu. La kwanza ni diatomu, ambazo hujijengea ganda la silika, yaani madini yaleyale yanayotengeneza mchanga na kioo, na ambazo huyapaka maji au mawe rangi ya kahawia. La pili ni mwani wa kijani halisi. La tatu ni sayanobakteria, ambao kwa asili ni bakteria ingawa hufanya kazi ya mimea, na ambao baadhi yao wana uwezo wa kuinasa naitrojeni iliyomo hewani na kuigeuza kuwa mbolea yao wenyewe, sawa na ifanywavyo na bakteria waishio katika mizizi ya maharage yanayopandwa chini ya migomba ya Wahaya. Viumbe wa kundi lolote kati ya hayo wanapozaliana kwa wingi ndani ya siku chache hata maji yakabadilika rangi, hali hiyo huitwa mfumuko wa mwani.

Tangi jipya la maji ya chumvi ndilo somo jepesi zaidi, kwa sababu hatua zake zote hupita ndani ya miezi michache mbele ya macho ya mwenye nalo. Bukoba iko mbali mno na bahari, na maji ya ziwa lake hayafikishi hata gramu 0.1 ya chumvi kwa lita, ilhali maji ya bahari yana gramu zipatazo 35. Kwa hiyo atakayetaka kufuga samaki wa matumbawe katika mji huo atalazimika kununua chumvi iliyotengenezwa maalumu na kuikoroga katika maji ya bomba. Tofauti hiyo kubwa ya chumvi humtisha anayeanza, lakini kwa mwani haina uzito mkubwa, kwa kuwa kila aina ya maji ina mwani wake uliokwisha kuizoea, na kinachoamua kama utafumuka au hautafumuka ni fosforasi, naitrojeni, silika na mwanga.

Samaki wa kwanza anapotiwa katika tangi, kinyesi chake na chakula kisicholiwa huoza na kutoa amonia, ambayo ni sumu kwake hata ikiwa kidogo. Katika tangi lililokomaa amonia hiyo huliwa na bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, kisha bakteria wengine wakaigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia. Katika tangi jipya bakteria hao bado ni wachache mno, na huwachukua wiki nne hadi nane kuenea juu ya mawe, mchanga na chujio kwa kiasi cha kutosha. Nitriti yenyewe, ambayo katika maji baridi huizuia damu ya samaki isibebe oksijeni, katika maji ya chumvi haina makali yaleyale, kwa sababu kloraidi iliyojaa ndani yake huishindania njia ya kupitia matamvua; jambo hilo huwafanya wafugaji wa samaki wa bahari wajione wako salama mapema kuliko walivyo.

Ni katika kipindi hicho cha kungoja ndipo mwani hujitokeza, na hujitokeza kwa utaratibu unaoweza kutabirika. Diatomu hutangulia, zikiufunika mchanga kwa vumbi la kahawia linalofutika kwa kidole, kwa kuwa maji ya bomba na mchanga mpya huleta silika. Silika hiyo inapokwisha nazo hupungua, hata kama mwenye tangi hakufanya lolote. Hufuata mwani wa kijani, kwanza kama utando kwenye kioo, kisha kama nywele juu ya mawe, ukilishwa na nitrati na fosfati zinazozidi kulundikana na taa zinazowashwa tangu asubuhi hadi usiku. Mahali ambapo maji hayazunguki vizuri, sayanobakteria hutandaza tabaka la ute jekundu au la kijani kizito ambalo huinuka na viputo vya hewa na kuvulika kama ngozi. Wapo pia dinoflajelata, viumbe wa seli moja wenye mikia miwili, ambao mara nyingi hujitokeza baada ya mwenye tangi kufanikiwa kupita kiasi, yaani baada ya kuziondoa nitrati na fosfati zote hadi kipimo kikasoma sifuri, na hivyo kuwaua kwa njaa washindani waliokuwa wakiwazuia. Maji yasiyo na kirutubisho chochote hayageuki kuwa maji salama, na pengine hilo ndilo jambo gumu zaidi kumwaminisha mtu aliyelelewa akiamini kwamba usafi ni kutokuwapo kwa kitu.

Kosa la kawaida hufanyika hapo. Mwenye tangi huyamwaga maji yote, huyasugua mawe kwa brashi, huliosha chujio kwa maji ya bomba yenye klorini, kisha huanza upya, bila kutambua kwamba amewaua bakteria waliohitaji wiki kadhaa kuenea na kwamba maji mapya yameleta silika nyingine. Mzunguko huanza tena palepale, na mwani huwa wa kwanza kuwasili. Wanaofuga kwa subira hupunguza chakula, hubadilisha sehemu moja tu ya maji kati ya kumi kila wiki au kila wiki mbili, huwasha taa kwa muda wa saa nane hivi, huingiza konokono walao mwani, na hutumia mawe ya matumbawe yaliyokwisha kukaliwa na bakteria. Yote hayo ni njia za kuwaongeza walaji na kupunguza mabaki, si za kuupiga vita mwani wenyewe, na tangi likishafika mahali ambapo kinachoingia hulingana na kinacholiwa, ukijani hupungua hadi kuwa doa la hapa na pale.

Katika mabwawa ya samaki yaliyochimbwa mabondeni, katikati ya vilima vya Bukoba Vijijini na Muleba, hesabu ni hiyohiyo lakini hukumu hupinduka, kwa maana mfugaji wa sato hutafuta kwa makusudi kile ambacho mwenye tangi hukikimbia. Hutia samadi ya ng'ombe au ya kuku ili maji yapate rangi, na shida ya bwawa jipya katika ukanda huu wa mvua nyingi, ambako Bukoba hupata takriban milimita 2,000 kwa mwaka, mara nyingi ni kwamba maji hukataa kugeuka kijani. Mvua hiyo imekwisha kuuosha udongo wa sehemu nyingi hadi ukabaki na asidi, na udongo wa namna hiyo huikamata fosforasi ya samadi kabla mwani haujaifikia. Ndiyo sababu wataalamu wa ugani huelekeza chokaa itangulie, ipunguze asidi, kisha samadi ifuate. Kipimo cha ukijani unaofaa hakihitaji maabara: mfugaji huzamisha mkono hadi kwenye kiwiko, na kiganja kikianza kupotea machoni pale maji yanapofikia kiwiko, malisho yanatosha, lakini kikipotea mapema zaidi samadi imezidi.

Samadi ikizidi, hatari huja alfajiri. Mchana mwani hutoa oksijeni nyingi, lakini usiku, jua likiwa limezama, hupumua kama viumbe wengine na kuitumia oksijeni ileile uliyoitoa, hivyo kadiri ulivyo mwingi ndivyo maji yanavyoishiwa hewa mapema kabla ya kucha. Samaki wanaoonekana wakihema juu ya maji saa kumi na moja alfajiri, kisha wakarudi chini jua linapopanda, hawana ugonjwa. Wameponea chupuchupu, na siku ya mawingu mazito inayofuata huenda wasipone. Kwa sababu hiyo bwawa la kijani kizuri na bwawa la vifo vya samaki hutofautiana kwa ndoo chache tu za samadi, na siku moja isiyo na jua hutosha kulivusha bwawa kutoka hali ya kwanza hadi ya pili.

Sato mwenyewe ana sifa inayoeleza kwa nini amefaulu katika mabwawa na pia katika ziwa. Uchunguzi uliofanyika katika Ziwa George nchini Uganda na kutangazwa mwaka 1973 ulionyesha kwamba tumbo la samaki huyu, wakati anapokula, huzalisha asidi kali mno, yenye pH inayoshuka hadi karibu 1.4, na asidi hiyo huvunja kuta za sayanobakteria ambazo samaki wengi hushindwa kuzimeng'enya. Kwa maneno mengine, kile ambacho kwa samaki wengine ni ukungu usiofaa kitu, kwake ni shamba. Sato si mwenyeji wa Ziwa Victoria; aliletwa katika miaka ya 1950, na aliowakuta humo walikuwa ngege na mbiru, ambao leo wametoweka karibu kabisa katika ziwa kuu na kusalia zaidi katika maziwa madogo na vinamasi vya pembezoni.

Kisa cha ngege kinastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu kinaonyesha kwamba ziwa hili halikuwa na mwani haba hapo zamani, bali lilikuwa na mwani mwingine. Michael Graham, aliyeongoza uchunguzi wa kwanza mkubwa wa uvuvi wa Ziwa Victoria mwaka 1927 na 1928, aliwakuta ngege wakiwa samaki wakuu wa biashara, na chakula chao kikuu kilikuwa diatomu kubwa zenye umbo la nyuzi, zilizokuwa zikitawala maji wakati ule. E. B. Worthington, aliyekuwa katika uchunguzi huohuo, alishusha majini sahani nyeupe inayotumika kupima uwazi wa maji na kuiona bado ikiwa katika kina cha mita 7 hadi 8 mbali na ufuko. Vipimo vya namna hiyo viliporudiwa katika miaka ya 1990, uwazi ulikuwa umeshuka hadi karibu theluthi moja ya ule wa awali. Robert Hecky, alipolinganisha takwimu za miaka hiyo na zile zilizokusanywa na J. F. Talling mwaka 1960 na 1961, alionyesha mwaka 1993 kwamba uzalishaji wa mwani ulikuwa umeongezeka takriban maradufu, kwamba silika iliyoyeyuka majini ilikuwa imepungua karibu mara kumi, na kwamba diatomu zile za nyuzi zilikuwa zimewaachia nafasi diatomu nyembamba na sayanobakteria.

Kupungua kwa silika ndiko kiungo kinacholiunganisha ziwa na tangi. Fosforasi ilipoongezeka, diatomu zilistawi kwanza, zikaichukua silika ya maji na kuzama nayo tumboni mwa ziwa, hadi ikafika hatua ambapo fosforasi ilibaki na silika haikutosha; sayanobakteria, wasiohitaji silika na wawezao kujinasia naitrojeni ya hewani, wakaachiwa uwanja. Kinachotokea ndani ya kioo kwa wiki kadhaa kilitokea katika ziwa la kilomita za mraba 68,800 kwa muda wa miongo kadhaa, kwa mpangilio uleule wa kahawia kutangulia na kijani-buluu kufuata. Tofauti ni kwamba tangi huelekea kwenye utulivu kadiri walaji wanavyoongezeka, na ziwa lilikuwa likipoteza walaji wake wakati huohuo.

Walaji hao walikuwa furu, jamii ya samaki wadogo ambao wataalamu hukadiria kuwa walifikia spishi 500 au zaidi, wakiwamo waliokwangua mwani juu ya miamba, waliochuja mwani uliozama topeni, na waliokula wadudu wadogo wa majini. Sangara, aliyepandikizwa katika miaka ya 1950 na 1960 na kuongezeka kwa kishindo katika miaka ya 1980, aliwala hadi spishi zinazokadiriwa kufikia 200 zikatoweka au zikawa nadra mno kuonekana. Ni rahisi, na imekuwa desturi, kumbebesha sangara lawama yote ya ukijani wa ziwa, lakini ushahidi wa matope unamwondolea sehemu ya mzigo huo: tabaka za mashapo zilizochunguzwa na Dirk Verschuren na wenzake, ambao matokeo yao yalitoka mwaka 2002, zinaonyesha kwamba uzalishaji wa mwani ulianza kupanda tangu miaka ya 1930, sambamba na kuongezeka kwa watu na mashamba katika bonde la ziwa, na kwamba maji ya kina kirefu yalianza kukosa oksijeni mwanzoni mwa miaka ya 1960, yaani miaka ishirini hivi kabla ya sangara kutawala. Sangara aliwaondoa walaji mezani. Aliyeiandaa meza ni binadamu.

Uhusiano huo huenda pia upande wa pili, kwa maana maji yaliyopoteza uwazi huwaathiri furu waliosalia hata pasipo sangara. Ole Seehausen na wenzake walionyesha mwaka 1997 kwamba mahali penye maji mazito katika Ghuba ya Mwanza spishi za furu zilikuwa chache na rangi za madume zilikuwa zimefifia, kwa sababu jike humchagua dume kwa rangi, na mwanga uliochujwa na mwani haumwezeshi kutofautisha mwekundu na wa buluu, ndipo spishi huanza kuchanganyika. Miongoni mwa samaki waliotumika katika majaribio ya namna hiyo ni Pundamilia nyererei, dume wake mwenye mgongo mwekundu, aliyepewa jina kwa heshima ya Mwalimu Nyerere mwaka 1985. Ni kinaya kisichohitaji kupambwa kwamba furu kadhaa wa ziwa hili wanazalishwa leo ndani ya matangi ya kioo huko Ulaya na Marekani, ambako bustani za wanyama na vyuo vilianza kuwahifadhi tangu miaka ya 1980 na 1990, na ambako watunzaji wao hukesha wakipima nitrati.

Swali la mahali virutubisho vinapotoka lina majibu yasiyotarajiwa kwa mkazi wa Kagera. Mto Kagera, unaokusanya maji ya Rwanda, Burundi na magharibi ya Tanzania na kumwaga ziwani upande wa Uganda, kilomita chache kaskazini ya mpaka, huleta karibu theluthi moja ya maji yote ya mito yanayoingia ziwani, pamoja na tope lake. Mto huohuo ndio ulioleta gugu maji mwishoni mwa miaka ya 1980. Hata hivyo takriban asilimia 80 ya maji ya Ziwa Victoria huletwa na mvua inayonyesha moja kwa moja juu yake, na mvua hiyo hainyeshi maji matupu. Hushuka na vumbi la ardhi iliyolimwa na majivu ya nyasi na misitu inayochomwa, na vipimo vilivyofanyika upande wa Tanzania vimeonyesha kwamba sehemu kubwa ya fosforasi mpya ya ziwa hutoka hewani. Moto unaowashwa kiangazi kwenye rweya, yaani nyika za nyasi zinazozunguka vijiji vya Kihaya, huonekana kuwa jambo la nchi kavu, lakini majivu yake huhesabiwa ziwani.

Hapa ndipo kilimo cha kibanja kinapostahili heshima zaidi ya ile ambayo wataalamu wa mazingira hukipa kwa kawaida. Kwa vizazi vingi Wahaya walikusanya nyasi kutoka rweya kwa ajili ya kutandaza chini ya migomba na kahawa, wakaingiza samadi ya ng'ombe waliolishwa nyikani, na hivyo wakahamisha virutubisho kutoka eneo pana lenye udongo dhaifu hadi kwenye bustani ndogo iliyozunguka nyumba, ambako udongo mweusi uliofunikwa mwaka mzima hauchukuliwi na mvua kirahisi. Kibanja kilichotunzwa ni ghala la fosforasi. Nyasi zinazochomwa badala ya kutandazwa, na miteremko inayolimwa mihogo au mahindi pasipo kifuniko, ni ghala lililofunguliwa, na bonde lenye mafunjo lililo chini yake ndilo linalobaki kuwa kizuizi cha mwisho, kwa kuwa mizizi ya mafunjo hupunguza mwendo wa maji, hulituliza tope na kuichukua sehemu ya mbolea. Kinamasi kinapokaushwa ili papandwe mboga, kizuizi na chujio hupotea kwa pamoja.

Miji na kambi za wavuvi huongeza sehemu yao. Mto Kanoni hupita katikati ya Bukoba ukibeba maji ya mitaro hadi ufukweni, na katika visiwa vya Muleba kama Bumbile, Goziba na Ikuza, ambako watu hukusanyika kwa wingi kufuata sangara na dagaa, kinyesi cha binadamu hakina safari ndefu kufika majini, hasa mahali ambapo mwamba uko karibu na uso wa ardhi na shimo la choo halichimbiki kwa kina. Kwa ziwa zima sehemu hii ni ndogo ikilinganishwa na ile ya angani na ya mito, lakini kwa ghuba moja iliyofungika yaweza kuwa ndiyo inayoamua, na mtu huchota maji ya kunywa katika ghuba, si katika wastani wa ziwa.

Athari kwa afya zinahitaji kutajwa bila kutia chumvi. Baadhi ya sayanobakteria, hasa Microcystis, hutengeneza sumu ziitwazo maikrosistini zinazodhuru ini, na kuwapo kwa sumu hizo katika Ghuba ya Mwanza kulithibitishwa na watafiti mwaka 2005. Shirika la Afya Duniani limeweka mikrogramu 1 kwa lita kuwa kikomo cha sumu hiyo katika maji yanayonywewa miaka yote. Mfano mbaya zaidi unaojulikana ulitokea Caruaru, Brazili, mwaka 1996, ambako maji yenye sumu hiyo yaliyotumiwa kusafishia damu ya wagonjwa wa figo yaliua watu zaidi ya 50. Hali hiyo haifanani na kunywa kikombe cha maji, lakini iliondoa shaka juu ya ukali wa sumu yenyewe. Kuchemsha maji, ambako ni kinga ya lazima dhidi ya kipindupindu na homa ya matumbo, hakuivunji sumu hii, wala kutia dawa ya kuulia mwani hakusaidii, kwa sababu seli zinazokufa hupasuka na kuimwaga. Kinachofaa ni kutochota mahali ambapo upepo umesukuma utando wa kijani, kuchota mbali na ufuko na chini ya uso wa maji, na kuwazuia ng'ombe wasinywe hapo. Kwa mamlaka ya maji, kama ile ya Bukoba inayochota ziwani, ni kuzichuja seli zikiwa nzima kabla ya klorini kuzigusa.

Msimu nao una kauli. Tangu Septemba hadi karibu Mei maji ya juu ya ziwa huwa na joto na mepesi, yakayalalia maji baridi ya chini bila kuchanganyika nayo, na wakati huo sayanobakteria, ambao baadhi yao wana vifuko vya hewa vya kuwaelesha, hufaidi mwanga wa juu huku wanaokufa wakizama na kuiteketeza oksijeni ya chini. Pepo za kusini-mashariki za Juni hadi Agosti huyachanganya maji hadi chini, diatomu hurudi kwa muda, na fosforasi iliyokuwa imefungwa topeni na kisha kuachiliwa pale oksijeni ilipokosekana hupandishwa juu. Kwa utaratibu huo ziwa hujitilia mbolea lenyewe kila mwaka, na kwa kuwa maji yake huchukua zaidi ya miaka 100 kubadilishwa yote kupitia mto unaotoka Jinja, mzigo uliokwisha kuingia hautatoka kwa haraka hata kama uingiaji ungesimamishwa leo.

Jambo hilo linavihusu moja kwa moja vizimba vya kufugia samaki, ambavyo katika miaka ya karibuni vimeanza kuonekana upande wa Tanzania kwa kuhimizwa na serikali. Kizimba ni wavu uliotundikwa ziwani, wenye maelfu ya sato wanaolishwa kila siku, na sehemu kubwa ya fosforasi iliyomo katika chakula chao haigeuki kuwa nyama bali hubaki majini au hulundikana chini ya wavu. Ghuba zilizojificha kutoka kwenye mawimbi ndizo zinazovutia, kwa kuwa boti hufika kwa urahisi na ulinzi ni nafuu, lakini ni hizohizo ambazo maji yake hayabadiliki upesi. Uhai wa samaki waliofungiwa hutegemea pia jambo ambalo mfugaji halioni: dhoruba inapoyainua maji ya chini yasiyo na oksijeni, samaki walio huru hukimbia, wa kizimbani hawana pa kwenda. Sangara wengi walikufa upande wa Uganda mwishoni mwa mwaka 2020 na mwanzoni mwa 2021 maji ya namna hiyo yalipopanda, na mnamo Novemba 2022 wafugaji wa vizimba karibu na Kisumu walipata hasara kubwa kwa sababu ya upungufu wa oksijeni.

Ufuko wa Bukoba na wa kaskazini ya Muleba, wenye majabali yanayoshuka kwa ghafla na maji yaliyo wazi kwa upepo, una nafasi nzuri kuliko ghuba nyingi za kusini na mashariki ya ziwa, ila mawimbi yake yanadai vizimba imara na vya gharama kubwa. Mfugaji anayeokoa fedha kwa kuviweka ndani ya ghuba tulivu huwa amehamisha gharama hiyo kutoka kwenye chuma na nyavu hadi kwenye chakula kinachopotea na samaki wanaokufa, na sehemu nyingine ya gharama amewatwika wanaochota maji katika ghuba hiyo. Kipimo cha oksijeni kinachotumiwa alfajiri, katika kina cha wavu na si juu ya maji pekee, pamoja na sahani nyeupe ya uwazi iliyotumika ziwani tangu mwaka 1927, ni vifaa visivyo ghali. Kumbukumbu za vipimo hivyo za mwaka mmoja, zikianza kuandikwa kabla kizimba cha kwanza hakijashushwa, ndizo zitakazoonyesha kama ghuba ina nafasi ya vizimba kumi, viwili, au haina kabisa.